Kulea jeshi la wenyeji: kazi huanzia stoo, si uwanja wa shabaha

Amri ikitoka kwamba kikosi kinaondoka saa kumi na moja, swali la kwanza ni hili: saa kumi na moja ya nani? Kwa askari wa Tanzania ni alfajiri, jua halijachomoza. Kwa mwenzake wa Goma, mashariki mwa Kongo, aliyejifunza saa kwa Kifaransa, saa kumi na moja inakaribia adhuhuri. Ndiyo ile Mtanzania anayoiita saa tano. Kombania mbili zinazosema lugha moja zimeshapishana kwa saa sita kabla risasi ya kwanza haijatoka. Na mgeni ambaye hakurudisha mishale ya saa yake aliposhuka ndege anazidisha tatizo, maana Goma iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja.

Dawa yake ni ndogo. Saa iandikwe kwa tarakimu nne na herufi ya ukanda: 0500B ni saa ya Goma, 0500C ni saa ya Dar es Salaam au Nairobi. Isitamkwe tu, iandikwe, na komanda wa kombania airudie kwa maneno yake mwenyewe. Halafu yaje maneno mengine. Huku kwetu Goma askari akiomba “masasi” anaomba risasi. Mtanzania anasikia jina la mji wa Mtwara. Kikosi chochote cha kigeni kinachokuja Kivu kulea askari wa wenyeji, yaani kuwafundisha na kuwashauri wakiwa kazini, kinapaswa kuwa na karatasi moja ya maneno kama hamsini hivi, yamepangwa safu tatu: Kiswahili cha Afrika Mashariki, Kiswahili cha Goma, Kilingala. Kilingala hakikwepeki, kwa sababu ndicho lugha ya jeshi la Kongo tangu zamani, na maofisa wengi huandika taarifa zao kwa Kifaransa. Anayesema “sote tunajua Kiswahili” hajawahi kusikia redio ya seksheni (kikundi cha askari kumi hivi) yenye watu wa Kisangani, Mbandaka na Masisi.

Nimeanza na saa kwa makusudi. Watu wakisikia jeshi la nje limekuja kufundisha, wanawaza mizinga na helikopta. Kinachovunja kazi hiyo mara nyingi ni vitu vya kiwango cha saa, kidumu cha maji, betri na orodha ya majina.

Kikosi cha mapigano, kwa lugha ya kijeshi, ni batalioni ya askari wa miguu iliyoongezewa sehemu nyingine: mizinga au makombora, wahandisi, mawasiliano, madaktari, magari na stoo. Sisi wa Goma tunaufahamu mpangilio wa aina hiyo tangu Azimio 2098 la Baraza la Usalama, Machi 28, 2013, lililounda Brigedi ya Kuingilia Kati ndani ya MONUSCO, ujumbe wa amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo: batalioni tatu za miguu, kombania moja ya mizinga, na moja ya makomando na upelelezi, makao makuu yakiwa hapa Goma, askari wakitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kazi yao ilikuwa kupigana, na Novemba mwaka ule waasi wa M23 walitangaza kuacha vita. Kulea ni kazi tofauti. Mpiganaji anahesabu kilima alichochukua. Mlezi hahesabu chochote mpaka mwenzake akichukue kilima na kukishika, yeye akiwa hayupo.

Afghanistan ndiyo sehemu ambako kazi hii ilipangwa kwa utaratibu mkubwa zaidi katika miaka ya karibuni. Kuanzia 2006, muungano wa kijeshi wa NATO ulipeleka timu za walezi za watu kati ya 11 na 28 kwa kila kikosi cha Waafghani, zikakaa nacho kwa angalau miezi sita, zikila, zikilala na kwenda vitani pamoja nacho. Baadhi ya nchi zilichukua batalioni nzima zikaipasua kuwa timu kama hizo. Hesabu yake inawadanganya wengi: batalioni ya watu 700 haitoi walezi 700. Toa walinzi wa kambi, madereva, wapishi, mafundi, watu wa redio, kikosi cha kuokoa timu iliyozingirwa. Wanaobaki kuwa walezi hasa ni chini ya nusu. Na hao wanapaswa kuwa masajini na makapteni wazoefu, kwa hiyo batalioni yenyewe inabaki nyumbani haina uti wa mgongo. Nchi inayotuma walezi bila kukubali gharama hiyo inatuma vijana wa miaka ishirini na mbili kumshauri meja mwenye vita kumi na tano mwilini. Huyo meja atawasikiliza kwa adabu, kisha ataendelea na yake.

Hesabu ya vichwa, halafu ugali

Wiki ya kwanza mlezi asiguse bunduki. Ahesabu watu.

Komanda akisema kombania ina watu 120, huenda anasema kweli kwenye karatasi. Hesabu zifanyike mara tatu kwa nyakati tofauti: alfajiri kwa jina na uso, mchana wakati wa chakula, na siku ya mshahara. Kando ya kila jina iandikwe namba ya bunduki aliyoishika siku hiyo. Orodha tatu zikilinganishwa, tofauti zinajitokeza zenyewe: huyu yuko hospitali, huyu analinda nyumba ya mkubwa, huyu alihamishwa mwaka jana, huyu hakuwahi kuwepo. Askari hewa hawakuanza Kongo wala hawataishia Kongo; Afghanistan walikuwepo kwa maelfu kwenye orodha za malipo. Lakini mlezi asiyejua kama ana watu 120 au 74 atapanga ulinzi wa kilima kwa watu 46 wasiokuwepo.

Mshahara ndio unaofuata. Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili mapema. Ujumbe wake wa EUSEC, wa kurekebisha jeshi la Kongo, ulioanza 2005, ulishika kazi isiyo na picha nzuri, yaani kutenganisha mnyororo wa malipo na mnyororo wa amri, ili fedha za askari zisipite mkononi mwa komanda wake. Watu walihesabiwa, wakapewa vitambulisho, na baadaye malipo yakaanza kupitia benki. Nathubutu kusema kazi hiyo ilizuia wizi mwingi kuliko mahakama. Ila benki ilikuwa Goma, askari alikuwa milimani Masisi. Akitaka fedha zake ilibidi aombe ruhusa ya siku tatu, apande lori, apange foleni, anunue unga wa watoto Katindo, arudi. Waafghani walikuwa na shida hiyo hiyo: askari alitoroka wiki mbili kupeleka mshahara nyumbani kwa miguu, wageni wakamwandika mtoro. Mlezi anayejua kazi yake hupanga zamu: robo ya kombania kila wiki ya malipo, gari moja, siku mbili, na majina yabandikwe ukutani ili kila mtu aone zamu yake itafika. Pasipo zamu hiyo, askari hutafuta fedha kizuizini barabarani, kwa mama anayepita na kapu lake la ndizi.

Sasa chakula na maji, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua gramu 500 za unga na gramu 200 za maharage kwa askari mmoja kwa siku. Kombania ya watu 120 inakula kilo 60 za unga na kilo 24 za maharage kila siku. Siku kumi ni kilo 840, kabla ya mafuta, chumvi na kuni. Hilo si tela la pikipiki. Ni Fuso, au Land Cruiser inayolazimishwa kubeba hadi springi zikatike kwenye mawe ya Sake. Maji ya kunywa na kupikia kwa kiwango cha chini, lita tano kwa mtu, ni lita 600 kwa siku, vidumu 30 vya lita ishirini. Kwingineko Kivu askari atachota mtoni. Kandokando ya Goma hakuna mto wa kuchota. Mvua inanyesha sana, lakini jiwe la volkano linainywa yote na ardhi inabaki kavu, ndiyo maana mji mzima unahangaika na vidumu huku ziwa liko mbele ya macho. Kikosi kilichowekwa upande wa Kibati au Munigi bila gari la maji kitaanza kupungua siku ya pili. Askari wataondoka mmoja mmoja kutafuta maji, na watakuwa na haki.

Jiwe hilo hilo linazuia kuchimba. Kitabu cha mgeni kinasema handaki lifike kifuani. Kwenye lava sururu inaruka na kurudi. Watu hujenga kuta za mawe, na ukuta wa mawe unazuia risasi vizuri, lakini bomu likipiga karibu, jiwe lenyewe linageuka vipande vya kuua. Ndani ya ukuta pawekwe magunia ya udongo, tabaka mbili, na udongo huo utoke mahali pengine kwa lori. Nafasi moja ya watu wawili inakula magunia mengi sana. Anayepanga aagize magunia matupu kwa maelfu, tena kabla ya kuagiza sare mpya.

Wamarekani walipofunza Batayo (batalioni) ya 391 ya makomando Kisangani mwaka 2010, watu wapatao 750, walifikiria chakula, na nawapa heshima kwa hilo: kulikuwa na mashamba na mabwawa ya samaki ili kikosi kijilishe. Lakini shamba halisafiri. Kikosi kikiagizwa kwenda Uele, kisha Kivu, samaki wanabaki Kisangani. Kinachosafiri ni utaratibu: nani anaandika oda ya unga, nani anasaini, lori la nani, na nani anapigiwa simu lori lisipofika. Huyo wa mwisho ndiye anayekosekana mara nyingi.

Shabaha, jeraha, redio

Mafunzo ya silaha ni rahisi kuliko mengine, ndiyo maana yanapendwa. Nitaeleza kosa moja tu ambalo wageni waliozoea bunduki za nchi zao hulifanya. Bunduki ya AKM hurekebishwa kwa kupiga risasi nne, moja moja, umbali wa mita 100, kioneshi cha nyuma kikiwa kwenye namba 3, yaani mita 300. Kwa mpangilio huo risasi zinapaswa kupiga sentimita 25 hivi juu ya pale ulipolenga. Mgeni anaona risasi ziko juu, anadhani bunduki imeharibika, anazungusha sindano ya kioneshi cha mbele hadi zishuke. Sasa bunduki inapiga chini kwenye mita 300 na askari hajui kwa nini. Angalau risasi tatu kati ya nne ziingie ndani ya duara la sentimita 15. Zikitawanyika zaidi, tatizo liko kwa mpigaji au kwenye mtutu, usiguse sindano. Zikiwa pamoja lakini juu mno, sindano ifunguliwe ipande. Zikiwa chini, ikazwe ishuke. Mzunguko mmoja kamili unasogeza sentimita 20. Watu 750 kwa risasi 12 kila mmoja ni risasi 9,000, masanduku saba ya mbao. Asiyeletewa masanduku saba asidanganywe kwamba atafundisha shabaha.

Kuhusu makombora ya mota neno moja: bomu la milimita 82 haliingii kwenye bomba la 81. Limeshaletwa lori zima la aina isiyofaa katika majeshi mengi kwa sababu karani aliona namba zinakaribiana.

Jeraha ni somo linalojenga uaminifu haraka kuliko yote. Askari anayejua kwamba akipigwa atabebwa, hukaa kwenye nafasi yake. Mkanda wa kubana damu ufungwe sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, usikae juu ya goti wala kiwiko, ukazwe hadi damu isimame, na saa iandikwe kwenye paji la uso. Mshipa mkubwa wa paja unaweza kummaliza mtu ndani ya dakika chache, kwa hiyo mkanda ukae kwenye mfuko ambao kila mwenzake anaujua, upande ule ule kwa kikosi kizima. Helikopta isitajwe darasani. Wageni huifundisha kwa sababu wao wanayo. Wakiondoka inaondoka nao. Vijiji vyetu vina kipoyi, machela ya miti miwili ambayo watu wamebebea wagonjwa na wajawazito tangu enzi za babu zetu. Kwenye mlima wa Masisi kipoyi kinataka wabebaji wanne, wengine wanne wa kupokezana, na wawili wa kubeba bunduki zao. Majeruhi mmoja ni seksheni moja nje ya vita. Komanda asipoipanga hesabu hiyo kabla, majeruhi wawili wanavunja platuni yake (seksheni tatu hivi), halafu watu waseme askari walikimbia.

Redio za mkononi zinasikika mahali jicho linaweza kufika. Nyuma ya kilima, kimya. Askari anashika simu yake binafsi, na simu inasikilizwa. Redio ya HF, yaani ya mawimbi mafupi, inavuka milima kama waya wa antena ukilazwa karibu na ardhi badala ya kusimamishwa: gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 5 ni mita 28.6, yaani mita 14.3 kila upande, ukiuning'iniza mita tatu hadi tano kutoka ardhini. Mawimbi yanapanda juu karibu wima na kurudi upande wa pili wa mlima. Mchana masafa yawe ya juu, usiku yashuke. Mlezi amwache sajini wa mawasiliano akate waya huo mwenyewe, kwa mkasi na tepu ya fundi nguo, mara kumi. Waya unapatikana soko la Virunga. Antena ya kiwandani haipatikani.

Ramani nazo zina mtego wake hapa. Kwenye gridi ya ramani za kijeshi (UTM), Goma iko ukanda wa 35, herufi M. Ukipanda kaskazini unavuka Ikweta kati ya Lubero na Butembo, herufi inakuwa N na hesabu ya kaskazini inaanza upya karibu na sifuri. Ukiendelea hadi Bunia unaingia ukanda wa 36. Kikosi kilichozoea kutaja tarakimu bila ukanda kikihamishwa kutoka Goma kwenda Beni kitaomba makombora mahali pasipo.

Kuna jambo ambalo sitalipita haraka. Novemba 2012 M23 walipoingia Goma, vikosi vya serikali vilirudi nyuma kwa fujo hadi Minova, kando ya ziwa, kwenye barabara ya Bukavu. Kwa siku kumi hivi wanawake na wasichana wa pale walibakwa na askari wenye sare ya taifa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja hasa batayo mbili, na moja yao ilikuwa ile 391 iliyofunzwa Kisangani, iliyokuwa imefundishwa pia haki za binadamu. Kesi ilisikilizwa Goma na hukumu ikatoka Mei 2014. Siamini kwamba somo lilikuwa bovu. Somo lilifundishwa askari wakiwa na chakula, komanda yupo na redio inafanya kazi. Hakuna aliyewafundisha kurudi nyuma. Kurudi nyuma ni zoezi kama mengine: njia mbili zilizotajwa kwa jina, vituo vya kukusanyikia, sajini mwenye orodha kwenye kila kituo, bunduki zihesabiwe, unga na maji viwe vimetangulia, askari wa sheria (polisi wa jeshi) wawe wamefika kabla ya kikosi, na raia waambiwe wamwone nani. Walezi hawapendi kulifundisha kwa sababu linaonekana kama kukiri kushindwa. Minova ndiyo gharama ya aibu hiyo, na walioilipa hawakuwa askari.

Kwa sababu hiyo ukaguzi wa majina kabla ya mafunzo ni halali kabisa. Tangu 2011 Umoja wa Mataifa una sera ya kutokiunga mkono kikosi chenye hatari ya kweli ya kuvunja haki za watu, na mwaka 2015 ushirikiano wake na jeshi la Kongo dhidi ya waasi wa FDLR ulikwama kwa sababu ya majenerali wawili waliotuhumiwa kuvunja haki hizo. Wapo waliolalamika kwamba sera inachelewesha vita. Waende Minova waseme hivyo.

Kuhusu wakalimani. Kombania moja inahitaji watatu, maana kichwa cha mkalimani kinachoka baada ya nusu saa ya kazi mfululizo na hapo ndipo “usipige” inageuka “piga”. Mkalimani akae pembeni, si katikati. Mlezi amtazame komanda usoni na aseme sentensi moja moja fupi. Asitumwe kupeleleza, asipewe bunduki, na asitumiwe kumkaripia ofisa, kwa sababu karipio litabaki na sura yake. Kabila lake litaulizwa, na hapa Kivu swali hilo linaweza kuua. Walezi wanabadilishana kila miezi sita. Yeye anabaki na majirani zake.

Mabadilishano hayo ndiyo yanayopoteza kazi nyingi. Timu mpya inafika na mpango wake, inaanza upya na usafi wa bunduki. Askari wa wenyeji anafundishwa kusafisha bunduki mara nne bila kufundishwa hata mara moja kuandika hesabu ya dizeli. Kila kikosi cha wenyeji kiwe na daftari lake, kwa lugha yake, linalokaa kwao na si kwenye kompyuta ya mgeni: lipi limefundishwa, tarehe, nani anaweza kulifundisha sasa bila mgeni. Timu mpya isome daftari kabla ya kusalimia.

Siku thelathini za mwisho walezi wafunge mikono. Kikosi kijilishe, kijipelekee maji, kijitengenezee gari na kijihamishie majeruhi kwa siku kumi mfululizo, wageni wakitazama na kuandika. Kila kilichokwama ndiyo kazi ya siku ishirini zilizobaki. Na njia ya kuondokea iangaliwe mapema: Goma ina uwanja mmoja wa ndege, ambao lava ya 2002 iliumeza upande mmoja wa njia yake, na barabara zinazofungika Sake na Rutshuru. Januari 2025 mji ulipochukuliwa na M23, askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walibaki ndani ya kambi zao kwa miezi, na walipoanza kuondoka Aprili walipita barabarani kupitia Rwanda.

Jambo la mwisho kufanywa ni orodha ya wenyeji waliofanya kazi na kikosi: majina, simu, mitaa, picha. Kabul ilipoanguka Agosti 2021, karatasi zenye majina ya Waafghani zilikutwa zimeachwa ndani ya ubalozi wa Uingereza. Mkalimani apewe barua yake mkononi, aamue mwenyewe kuificha wapi. Nakala za ofisini zichomwe mbele yake, na diski za kompyuta zivunjwe, kabla lori la kwanza halijapakiwa.